Sabufa ya bei ndogo katika nyumba ya Goma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninakaa Ndosho, katika nyumba ya mbao yenye saloni ya mita nne kwa tatu, na sabufa niliyo nayo sasa ni ya tatu. Sina duka wala kibanda cha ufundi. Najua kushika bisibisi na kuchomelea waya, basi. Lakini watu wa avenyu yetu wamezoea kunipitia kila wanaponunua mashine mpya, na maswali wanayoleta ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika. Majibu mengine yatakuwa marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi. Mengine ni neno moja.

Hii inayouzwa Birere, mtaa wetu wa biashara, ni sabufa kweli?

Nusu. Kwa mafundi wa sauti, sabufa ni boksi moja lenye kazi moja: kutoa sauti nzito za chini, tuseme kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 100 hivi, na kuziachia spika nyingine sauti za waimbaji, magitaa na matoazi. Sisi tunaita sabufa seti nzima: boksi kubwa linalokaa chini na spika ndogo mbili au nne za pembeni. Ampli, redio, Bluetooth na tundu la flashi vyote vimefungwa ndani ya lile boksi kubwa.

Hakuna ubaya, ilimradi ujue unachotarajia. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ule wa noti ya Mi, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ya inchi tano ya bei ndogo haifiki huko kwa nguvu, huanza kuishiwa pumzi kabla, karibu na 60. Mbona basi besi tunaisikia? Kwa sababu Mi haiji peke yake. Inakuja na wadogo zake wa hezi 82 na 123, na ubongo ukiwasikia hao unamwekea nafasi mkubwa wao ambaye hakufika. Sikio linaridhika. Kifuani hutamsikia, na hakuna kitufe cha kumleta.

Boksi limeandikwa wati 8000. Ni kweli?

Hapana. Hili nitalikalia kidogo, maana ndilo linalowatoa watu makuta bure.

Geuza mashine utazame nyuma, kwenye kibandiko kidogo cha fedha karibu na waya wa umeme. Hapo pameandikwa jambo la kweli kwa herufi za mchwa: 220 V, 50 Hz, 60 W. Hizo wati 60 ndizo inazokula. Mashine haiwezi kutoa sautini zaidi ya inachokula ukutani, na sehemu nzuri ya hicho inapotea kuwa joto. Piga hesabu ya upande wa pili: wati 8000 kwa volti 220 ni ampea 36. Waya wa sabufa yako ni mwembamba kama wa chaja ya simu. Ungepitisha ampea 36 humo ungeyeyuka kabla ya kibwagizo cha kwanza.

Ile namba kubwa mara nyingi inafuatwa na herufi PMPO. Ni kipimo cha mwangaza wa radi: wanadai mashine ingeweza kutoa kiasi hicho kwa kipande cha sekunde, halafu wanajumlisha spika zote, halafu nahisi wanaongeza umri wa mwenye kiwanda. Herufi za kutafuta ni RMS, maana hizo zinaeleza nguvu ambayo ampli inaweza kuitoa mfululizo. Zisipokuwepo, chukua wati za kibandiko cha nyuma uzigawe kwa mbili, hutakuwa mbali na ukweli.

Ukifungua nyingi za mashine hizi utakuta ubao mdogo na kipande cha bati la alumini kilichobanwa vidude vyeusi vyenye miguu mitano. Mara nyingi vimeandikwa TDA2030. Kimoja kinatoa takriban wati 14 safi kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ni kidude cha heshima, kimefanya kazi miaka mingi na kina ulinzi wake kikipata joto. Wati 14 safi ndani ya saloni ya mita nne zinatosha kumfanya jirani abishe mlango. Tatizo halikuwa uchache wake, tatizo ni kuambiwa ni 8000.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia: ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara kumi. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti unayoitambua ukitega sikio. Kwa hiyo kati ya mashine ya wati 30 za kweli na ya 40 za kweli, chagua kwa boksi, usichague kwa wati.

Nikienda kununua niangalie nini?

Nenda asubuhi, kabla wauzaji wote hawajawasha zao kwa pamoja. Beba flashi yako yenye wimbo unaoujua mpaka kikohozi cha mwimbaji. Ukimwachia muuzaji achague, atapiga wimbo uliotengenezwa kusifu besi, na hapo hata ndoo ingesifiwa.

Kwanza inyanyue. Uzito ni transfoma, sumaku na mbao nzuri, na vyote vitatu vinagharimu. Kisha gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole. Likijibu kavu, kama mlango, vizuri. Likijibu kama kopo, ndivyo litakavyoimba. Weka vidole viwili pande mbili za karatasi ya spika usukume polepole, kwa usawa: iende ndani laini na kurudi. Ukihisi mkwaruzo kama mchanga, koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya karatasi, inagusa sumaku, rudisha. Halafu washa bila wimbo, sauti juu kabisa, usikilize. Mvumo mdogo wa upepo ni kawaida. Mngurumo wa nyuki si kawaida.

Mwisho piga wimbo wako kwa sauti ya chini, ya mazungumzo. Mashine mbovu nyingi zinajificha nyuma ya kelele. Niliponunua hii yangu, kijana wa duka alikuwa anarudisha kitufe juu kila nikikishusha. «Patroo, hii iko na besi ya kubomoa nyumba!» Nikamwambia nyumba yenyewe ni ya mbao, haihitaji msaada. Alicheka, akapunguza dola tano.

Angalia pia kichwa cha waya. Mzigo mwingi unaingia na pini tatu nene za mraba, ambazo haziingii kwenye prizi zetu. Adapta nyepesi ya pembeni ya barabara hulegea, hutoa cheche na kuungua. Bora ukate kichwa ufunge kipya cha pini mbili za duara.

Niiweke wapi ndani ya nyumba?

Ukisoma jibu moja katika ukurasa huu, soma hili. Watu wanatupa mashine nzuri kwa sababu iliwekwa pabaya.

Sauti nzito ina mawimbi marefu. Hewani sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita nane na nusu. Ni refu kuliko saloni yangu mara mbili. Wimbi la namna hiyo haliruki chumbani kama mpira. Linakijaza chumba chote, linagonga ukuta na kujirudia, na kufanya sehemu zenye besi nyingi na sehemu ambazo besi imekufa. Katika chumba cha mita nne, wimbi linalokaa sawasawa kati ya kuta mbili ni la hezi 43. Katika upana wa mita tatu ni la 57, na hiyo iko jirani na noti ya La ya gitaa la besi, yenye hezi 55. Ndiyo maana kila mpigaji anapogusa La, dirisha langu linasalimia, na akihamia noti nyingine kimya.

Mawimbi hayo yana nguvu kando ya ukuta na udhaifu katikati ya chumba. Sasa fikiria saloni nyingi za kwetu: makochi yamezunguka meza, mwenye nyumba ameketi katikati kabisa, halafu analalamika kwamba mashine haina besi. Besi ipo. Iko nyuma ya mgongo wake, ukutani. Sogeza kochi.

Upande wa mashine: ukiitoa katikati na kuisogeza karibu na ukuta unaweza kupata hadi desibeli 6 za bure chini kule, sawa na kuzidisha nguvu ya ampli mara nne. Ukiipeleka kwenye kona unaongeza tena. Kwa mashine ndogo kona ni msaada mkubwa, ila mara nyingi inakuja na utepetevu: noti zote zinaanza kufanana, bum-bum-bum, mpaka hujui kama ni gitaa au ngoma. Anza ukutani, sentimita 20 au 30 kutoka mbaoni, karibu na kona bila kuingia ndani yake. Kama tundu la hewa liko nyuma ya boksi, usilizibe na pazia.

Kuna njia ya kupata pahali bora bila hesabu yoyote. Weka boksi juu ya kochi unalokalia kila siku, kichwa chako kinapokuwaga. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea juu na chini. Halafu piga magoti, uzunguke chumba ukitambaa kando ya kuta, sikio likiwa chini. Utapita mahali besi inapovimba, mahali inapopotea, na mahali ambapo kila noti inasikika kwa kipimo chake. Hapo pa mwisho ndipo sabufa ikae. Inafanya kazi kwa sababu sauti haijali nani yuko upande gani: njia ya kutoka kwenye kochi kwenda konani ni ile ile ya kurudi.

Ifanye mchana ukiwa peke yako. Mimi nilikuwa nimefika chini ya kabati la vyombo, magoti na viganja chini, shavu karibu na simenti, mama mkwe akaingia na kikapu cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alisimama mlangoni muda wote wa kibwagizo. «Papa, ni sindano imeanguka?» Nikasema ndiyo, mama. Akaweka kikapu akaanza kunisaidia kutafuta.

Spika ndogo za pembeni ni rahisi zaidi. Ziinue hadi usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, ziachane kama mita mbili, zikutazame. Zikikaa sakafuni nyuma ya kochi, waimbaji wote watasikika kama wako kisimani.

Nyumba yangu ni ya mbao. Hiyo ni shida?

Ni shida na ni bahati. Ukuta wa mawe ya volkano au wa matofali unairudisha besi ndani, kwa hiyo chumba kinavuma na noti moja inazidi nyingine. Ukuta wa mbao unaiachia ipite. Ndani unapata besi safi zaidi ila nyembamba, na iliyobaki anaipata jirani bila kulipa.

Shida yenyewe ni vitu vinavyotetemeka. Nyumba ya mbao na mabati ni ngoma iliyovaa misumari. Watu wengi wanaosema «spika yangu imepasuka» hawana spika iliyopasuka, wana kifuniko cha sufuria. Weka kwenye simu programu inayotoa sauti ya hezi unazochagua, ziko za bure. Anza 40, panda polepole hadi 120. Kila kitu kinachoitika, kiendee na kukishika kwa mkono. Kwangu nilikuta sahani mbili zilizopandana kabatini, kioo cha picha ya harusi, komeo la dirisha, na bati moja juu ya mlango ambalo msumari wake ulikuwa umechoka. Kitambaa katikati ya sahani, vipande viwili vya sponji nyuma ya picha, kipande cha raba kwenye komeo, msumari mpya. Kazi ya saa moja, na rafiki aliyekuja kesho yake aliuliza kama nimebadilisha mashine.

Kisha miguu. Sakafu ya mbao inachukua mtikiso wa boksi na kuusambaza nyumba nzima. Kata kambambili ya zamani, ile laini ya sponji, vipande vinne vya ukubwa wa kiberiti, uviweke chini ya pembe nne. Dawa ya bei ndogo kuliko hiyo sijaiona. Wenye sakafu ya simenti hawatasikia tofauti kubwa, ila boksi halitatembea.

Kitufe cha besi nizungushe mpaka wapi?

Katikati. Hata kama mkono unawasha.

Kila desibeli 3 unazoongeza kwa kitufe cha besi zinamdai ampli nguvu mara mbili. Ukikipandisha mpaka mwisho, ampli inamaliza nguvu zake zote kwenye kishindo cha ngoma, na hakuna kinachobaki kwa muimbaji. Mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inakuwa kama karatasi inayochanwa, koili inapata joto. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu zikinuka kuungua zilifia hapo.

Utaratibu wangu: vitufe vyote katikati, mpangilio wa besi wa ndani ya simu uzimwe, maana ukiongeza besi kwenye simu na tena kwenye mashine umeongeza mara mbili bila kujua. Sauti ya simu iwe kama asilimia 80 au 90, ya mashine ndiyo upandishe taratibu. Ukifanya kinyume, simu chini na mashine juu, unakuza mvumo wa ampli pamoja na wimbo. Sikiliza nyimbo tatu tofauti kabla ya kugusa kitu. Halafu punguza besi kidogo, ndiyo, punguza, usubiri siku mbili. Sikio lililozoea kelele linahitaji muda.

Rumba, kwaya na filamu: mpangilio mmoja unatosha?

Karibu. Rumba ya Kongo, ile iliyoingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, inaishi kwenye magitaa ya katikati, na seben, ile sehemu ya kucheza ambapo magitaa yanatawala, ikianza unataka kusikia kila gitaa na njia yake. Besi nyingi inawazika wote. Kwaya ishushie besi zaidi. Filamu iongezee kidogo, hasa yenye milipuko, kama bado unahitaji milipuko katika maisha yako.

Bluetooth, flashi au waya?

Kwa utamu, flashi au waya. Bluetooth inabana sauti kabla ya kuirusha, lakini kwa spika za daraja hili tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodai. Ubora wa faili ndio unaouma. Wimbo uliopita kwenye simu kumi, kila mmoja akiubana tena, umebaki mifupa: matoazi yanasikika kama maji ya bomba. Tafuta faili za kilobiti 192 kwa sekunde kwenda juu.

Kwa filamu tumia waya. Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na utamuona mtu amefunga mdomo ndipo neno linafika.

Inanguruma hata muziki ukiwa umezimwa. Nini?

Chomoa waya wa televisheni au dekoda, uiache mashine peke yake. Mngurumo ukikoma, mashine yako ni nzima: ni umeme unaozunguka kati ya vifaa viwili kupitia ule waya. Chomeka vyote kwenye ralonji (waya wa kuongezea) moja, prizi moja, na mara nyingi unapungua au kuisha. Geuza pia kichwa cha pini mbili, kushoto kiwe kulia. Ikishindikana, tumia Bluetooth kwa televisheni hiyo kama inayo, maana hewa haina waya wa kuzungukia.

Mngurumo ukibaki hata mashine ikiwa peke yake, kimoja cha vikopo vikubwa karibu na transfoma, kondensa, kimevimba au kukauka. Kichwa chake kinakuwa kimetuna kama mandazi. Fundi anakibadilisha kwa dakika kumi. Usifungue mwenyewe mashine ikiwa imetoka ukutani sasa hivi: vikopo hivyo hubaki na umeme.

Umeme ukikatika na kurudi, inaharibika?

Kukatika hakuna neno. Kurudi ndiko kunakoua.

Sabufa yangu ya kwanza nililipa dola 45 na ikaishi miezi minne. Jioni moja umeme ulirudi, taa ya saloni ikawa nyeupe kama ya mchomeleaji wa vyuma, na nyuma ya boksi ikatoka harufu ya samaki aliyesahauliwa motoni. Nilipofika kwenye prizi nilichomoa maiti. Tangu siku hiyo, umeme ukienda, kazi ya kwanza ya yeyote aliye karibu ni kuchomoa, hata mtoto anajua. Kitufe cha kuzima hakitoshi, na cha telekomandi ndiyo kabisa, kinailaza tu. Umeme ukirudi tunasubiri dakika tano, tunaangalia taa kama imetulia, ndipo tunachomeka. Stabilizateri husaidia volti zikicheza polepole. Kishindo cha ghafla kinaweza kuipita kabla haijajua kinachoendelea, kwa hiyo hata mwenye stabilizateri achomoe.

Fyuzi ikiungua, tazama namba kwenye kofia yake ya chuma, kwa mfano T1A 250V, uweke ya namba ile ile. Ikiungua tena papo hapo, kuna kitu kimekufa ndani. Nimekuta mashine yenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Ilifanya kazi vizuri sana, mpaka transfoma ikajitolea kuwa fyuzi.

Kwa wenye sola: kwa usikilizaji wa kawaida mashine hizi hula kama wati 20. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ukitumia nusu yake ili isife mapema, inakupa wati-saa 600. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta unabaki na saa 20 hivi za muziki. Inveta ya bei ndogo, isiyotoa wimbi laini, huifanya transfoma ivume na kupata joto. Mashine nyingine zina tundu la volti 12 nyuma. Ukiwa nalo, nenda moja kwa moja kwenye betri, uangalie chanya na hasi mara tatu kabla ya kuchomeka. Grupu ndogo (jenereta) ya petroli naiogopa: friji ya mtu ikiwaka au kuzima, volti zinaruka.

Vumbi letu jeusi linaidhuru?

Zaidi ya vumbi la kwingine. Chukua sumaku ya spika iliyokufa uipitishe juu ya mchanga mweusi wa barabarani: itatoka na ndevu. Mchanga wa volkano una chembe za chuma, na ndani ya spika yako kuna sumaku inayoziita usiku na mchana. Zikifika kwenye ufa mwembamba ambamo koili inapanda na kushuka, unaanza kusikia mkwaruzo, na hakuna brashi inayofika humo. Funika mashine kwa kitenge wakati haitumiki, hasa wakati wa kiangazi. Kizuio cha mbele cha kitambaa usikitoe eti ipendeze. Na usifute karatasi ya spika kwa kitambaa kibichi.

Besi imegeuka kama debe. Spika imekufa?

Labda. Tazama kwanza raba inayozunguka karatasi. Ikipasuka, hewa inatoroka na karatasi inayumba. Mpasuko mdogo unazibika kwa gundi laini ya raba, tabaka jembamba. Usitumie gundi inayokauka ngumu kama kioo, utapata spika inayopiga makofi.

Kisha jaribu koili. Tenganisha nyaya za spika, chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusa upande chanya kwenye mguu wenye alama nyekundu na hasi kwenye mwingine. Gusa tu, usishikilie. Spika nzima inasema «tak» na karatasi inaruka mbele. Isiposema kitu, koili imekatika. Ikiruka kurudi nyuma, alama imekosewa.

Hapo kuna ugonjwa unaoponyeka bila senti. Kama nyaya za spika moja ya pembeni zimegeuzwa, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta. Zinafutana. Sauti inakuwa nyembamba, muimbaji anasikika kama yuko kila mahali na hayuko popote. Geuza nyaya za upande mmoja usikilize. Nina hakika nusu ya mashine zilizowahi kupita mikononi mwa fundi wa haraka ziko hivyo.

Naweza kuchomeka spika kubwa ya zamani ya baba badala ya zile ndogo?

Angalia namba ya omu nyuma ya zile ndogo. Ya baba iwe na omu sawa au zaidi. Ikiwa chini, kwa mfano 4 mahali pa 8, ampli itapata joto na kuzima, au kuzima moja kwa moja.

Jirani analalamika, na mimi nimeshusha sauti.

Umeshusha unayoisikia wewe. Sauti za juu zinakwama kwenye mbao. Za chini zinapita, kwa hiyo kwake hakuna wimbo, kuna mtu anayetwanga pondu saa nne za usiku. Nenda ukasikilize kutoka upande wake, mara moja tu. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye ua wake na nikaaibika.

Kuanzia saa tatu usiku ninashusha kitufe cha besi peke yake mpaka chini, muziki unaendelea kama redio. Na kukiwa na matanga kwenye avenyu, mashine inazimwa, haijalishi umeme umerudi baada ya siku tatu na una hamu kiasi gani. Hilo mtu haulizi.

Naweza kuiweka juu ya friji?

Hapana.

Juu ya televisheni ya zamani yenye mgongo?

Hapana, sumaku itaipaka rangi pembeni mwa kioo.

Kuna kitu kinacheza ndani ya boksi. Kilitoka wapi?

Kwenye lile tundu la hewa. Kwa mtoto wa miaka miwili, tundu la sabufa ni sanduku la posta. Chomoa, subiri, laza boksi kifudifudi juu ya godoro, fungua skrubu za spika kubwa, uinyanyue bila kuvuta nyaya. Kwenye ya kwangu nilitoa vizibo viwili vya soda, kijiko cha chai, kalamu isiyo na kofia, na ile risiti ya kashpawa, umeme wa kulipia kabla, ambayo tuligombana kwa ajili yake wiki nzima.